Nilivyonaswa na Ulimbo wa Nyuki Wadogo

Kuna watu Mtwara hii mpaka leo wakiniona wananiita Ulimbo, na wengine ni watoto waliozaliwa juzi, hawajui hata jina lenyewe limetoka wapi, wamelikuta kwa wazazi wao wakalirithi. Nimechoka kusimuliwa. Nikikaa kwenye kahawa pale Chikongola, nikienda msibani, lazima atokee mtu aanze habari ya Ulimbo, na kila mmoja anaongeza lake (kuna mmoja alisema nilikaa na kinyago kichwani wiki nzima nikinyweshwa uji kwa mrija, mwongo mkubwa yule), kwa hiyo leo naandika mwenyewe kwa mkono wangu. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima, lakini aibu ni yangu na ninaijua kuliko wao. Ndiyo, ni kweli, mimi Selemani, muadhini wa msikiti, nilinaswa kichwa ndani ya kinyago cha ngoma mbele ya mgeni rasmi, mbele ya kijiji kizima, na mbele ya baba wa mchumba wangu. Walionifikisha pale ninawataja kwa majina: Hilari, katibu wa kijiji, na Dadi, mpiga ngoma. Asiyeridhika na aandike yake.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na sisi tulikuwa tumeshushwa. Nasema kushushwa kwa sababu kwetu ni kule juu, kwenye uwanda wa Wamakonde, na siku moja lilikuja lori tukaambiwa pakieni, tukapakia, paa likaezuliwa nyuma yetu ili tusije tukarudi, na mikorosho yetu tukaiacha imesimama na korosho zake. Kijiji kipya kilikuwa huku chini, upande wa kuelekea mdomo wa Ruvuma, nyumba zimepangwa kwa mistari, mstari wa wenyeji wa pwani na mstari wetu sisi wa juu, tunaangaliana kama watu waliokaa kwenye mabenchi mawili ya zahanati. Habari ya lori sitaki kuisema sana. Ila kinyago cha ngoma yetu kilikuwemo ndani ya lori hilo, kimefungwa kwenye mkeka, Dadi ndiye aliyepewa akishike, na Dadi badala ya kukishika akakikalia, kikapasuka kuanzia kidevuni mpaka karibu na jicho. Mimi mambo yangu nayahesabia kuanzia hapo.

Kwa asiyejua: sisi Wamakonde tuna ngoma ya mapiko. Mchezaji anavaa kinyago cha mti ambacho kinaingia kichwani kizima kama chungu, mwili wote unafunikwa nguo, kiunoni njuga, na akishavaa haitwi tena fulani mwana wa fulani, anaitwa lipiko, kiumbe aliyetoka kwa wafu. Lipiko hasemi neno. Wanawake na watoto hawatakiwi kujua ni nani yumo ndani (wanajua wote, mama yangu siku ya ngoma alikuwa ananipikia uji mzito bila kuambiwa na mtu, lakini wanajua namna ya kutojua, na hiyo ndiyo heshima yenyewe). Mimi kule juu nilikuwa lipiko mzuri, watoto walikuwa wanakimbia wakijikojolea.

Lakini huku chini nilikuwa nimeacha. Niliacha kwa ajili ya Asumini, binti Mzee Bakari, wa mstari wa wenyeji. Mzee Bakari alikuwa mtu wa dini, si wa kufoka, yeye ukali wake ulikuwa wa kunyamaza, anakuangalia tu mpaka unaanza kujieleza mwenyewe. Mimi alinipenda kwa sauti. Msikiti wetu ulikuwa wa udongo, hauna mnara, muadhini anapanda juu ya kichuguu anaadhini, na sauti yangu ilikuwa inafika mpaka kwenye mashamba ya mpunga, watu wa mtoni wanaacha majembe. Posa ilipopelekwa akaikubali kwa sharti moja tu, akalisema mbele ya wazee, kwamba mtu anayewaita watu kwenye sala asivae kichwa cha shetani. Nikasema nimeacha. Mjomba wangu akasema ameacha. Harusi ikapangwa baada ya mavuno ya korosho, na mimi nikawa nalala nikiamka namwona Asumini tu, hata udongo wa nyumba ya kukaa naye nilikuwa nimeshaanza kuukanda.

Sasa Hilari. Hilari alikuwa kijana wa kutoka bara, ameletwa kwetu kuwa katibu, anavaa kaunda suti hata akienda kukagua mihogo. Jioni moja anakuja anatuambia kesho saa tatu anakuja mgeni rasmi kutoka mkoani kuangalia kijiji, na ngoma iwepo. Kesho. Barua ya mgeni, nilikuja kusikia, alikuwa amekaa nayo tangu mwezi uliopita. Tukamwambia mchezaji wetu, mdogo wake Dadi, amechomwa na mwiba, mguu umevimba kama mhogo, hawezi kuukanyaga. Akasema kwani mchezaji ni mmoja. Watu wote wakaniangalia mimi. Nikaeleza habari ya mkwe wangu na sharti lake, nikaeleza vizuri kabisa, na Hilari akasikiliza huku anatikisa kichwa kama mtu anayeelewa, halafu akasema, "Ndugu Selemani, mgeni hawezi kutoka mkoani akaja kuangalia matuta ya mihogo peke yake," akaondoka.

Dadi ndiye aliyenimaliza. Alinifuata nyumbani, akakaa kizingitini, akaniongelesha taratibu kama mtu anayembembeleza ng'ombe.

"Nani atakuona, mwanangu? Ukishavaa, wewe haupo. Mzee Bakari atamwona lipiko, hatamwona mkwe."

"Na miguu? Na mwendo?"

"Watu wa pwani wale. Watajua nini habari ya mwendo?"

Nikakubali. Mara moja tu, nikasema. Na mpaka hapo nasema bado nilikuwa salama, maana Dadi alisema kweli, lipiko hana uso, na kama ningeishia kucheza na kurudi nyumbani leo ningekuwa babu wa wajukuu wa Asumini. Kilichoniangusha ni gundi.

Nyuma ya ofisi ya kijiji, pembeni mwa uwanja, palikuwa na mkorosho mzee, na kwenye shina lake palikuwa na tundu walimokaa nyuki wale wadogo weusi wasiouma. Kila mtu anawajua, ukitoka jasho shambani wanakujia machoni. Mlangoni kwao wametoa kibomba cha nta chembamba kama kidole cha mtoto, ndiyo njia yao ya kuingilia na kutokea. Mimi nilikuwa nakaa pale nawaangalia (kijiji cha ujamaa kina saa nyingi za kusubiri kengele igongwe), na nilichokuwa naangalia hasa ni vita vyao na majimoto, wale sisimizi wekundu wa kwenye mikorosho ambao wakikung'ata wanakumwagia na maji yao makali juu ya jeraha. Majimoto wanapanda shina kwa mstari wanakwenda kuiba asali na watoto wa nyuki. Na nyuki yule hana mwiba, sasa atafanya nini? Anakwenda kwenye jeraha la mti, pale gome lilipotobolewa panatoka ulimbo, anaukwangua, anaubeba kwenye miguu ya nyuma, huku donge na huku donge, kama mtu aliyetoka kisimani na ndoo mbili. Anakuja kuupaka kwenye mdomo wa kile kibomba, matonematone yanang'aa. Jimoto wa kwanza anafika, anagusa, mguu umenasa. Anauvuta huo, umenasa mwingine. Hapo anatoka nyuki mmoja na kipande cha ulimbo, anamzunguka kwa nyuma, anampachika kichwani, kwenye zile nywele zake za kupapasia njia, halafu anarudi ndani kuleta kipande kingine. Hana hasira hata kidogo, ni kama mwanamke anayekandika ukuta wake. Mwisho yule jimoto amekaa pale mzima, anahema, mbele haendi, nyuma harudi, na wenzake wakimwona wanageuza njia.

(Miaka mingi baadaye nilifanya kibarua cha kupalilia Naliendele, kwenye korosho za utafiti, na bwana mmoja wa wadudu akanieleza kwamba hiyo ndiyo silaha yao, asiye na mwiba anaokoka kwa gundi, na kwamba hata kuna mchwa ambao askari wao wana pua kama mdomo wa chupa, wanamtemea adui uzi wa gundi mpaka anajifunga mwenyewe. Akaniuliza kama nimewahi kuona kitu kama hicho kwa macho yangu. Nikamwambia kidogo.)

Basi asubuhi ile Dadi analeta kinyago, tunakiangalia, ufa unapitisha kidole. Desturi ya kuziba ni nta ya nyuki wakubwa, inachemshwa, inachanganywa na unga wa mkaa ili ishike ugumu, inaachwa kivulini ikauke siku kadhaa. Fundi mwenyewe wa vinyago lori lake lilimpeleka kijiji kingine, nta hatuna, siku kadhaa hatuna, Hilari ameshatuma mtu kuuliza kama tuko tayari. Nikawakumbuka nyuki wangu. Nikasema kama kitu hiki kinamshika jimoto ambaye anaweza kuburuta panzi mzima, mti kitaushindaje. Nikachukua kisu nikaenda kwenye mkorosho, nikakikata kile kibomba, nikachokonoa na donge zima la ulimbo waliokuwa wameuweka akiba ndani ya tundu, jeusi, linanukia vizuri. Nyuki wakatoka wakanizunguka kidogo masikioni, nikawapunga na jani. Niliwadharau, ndiyo ukweli. Mtu asiye na mwiba nani anamwogopa.

Ufa ukazibika vizuri sana. Na hapo ningeacha. Lakini kile kinyago kilichongwa kwa kichwa cha mdogo wake Dadi, ambaye ana kichwa kikubwa, kwangu kilikuwa kinachezacheza, nami hofu yangu yote ilikuwa kisije kikanivuka katikati ya ngoma Mzee Bakari akauona uso wangu. Basi ulimbo uliobaki nikaupaka kwa ndani, ukingo mzima, kwenye paji la uso na nyuma ya kisogo, ili kikae imara. Nikabonyeza kwa kidole, kidole kikatoka. Dadi naye akabonyeza, kikatoka. Akasema kimekauka hiki. Ilikuwa asubuhi bado, kuna ubaridi, na kitu chochote asubuhi kimekauka.

Nikavaa ndani ya uzio wa makuti, nikafungwa nguo na njuga, tukamngoja mgeni wa saa tatu. Saa tatu ikapita. Nikataka kukivua, Dadi akasema wanawake wanapita nyuma ya uzio na ndoo za maji ya mapishi, wakiona lipiko kaweka kichwa chini kama kofia itakuwaje. Nikakaa. Jua likapanda, kinyago cheusi, mimi ndani naiva kama kiazi kwenye jivu. Adhuhuri ikaadhiniwa na mtu mwingine, sauti kama ya mbuzi aliyebanwa mlangoni, nami nimo mle ndani naisikia na siwezi kusema lolote. Hapo ndipo nilipohisi kitu kinashuka kwenye nyusi taratibu, nikadhani jasho. Nikajaribu kugeuza kichwa ndani ya kinyago, kikageuka chote pamoja na ngozi. Nikanong'ona, "Dadi, kimenishika." Dadi akaniambia vizuri, si ndivyo ulivyotaka.

Mgeni akaja mchana umeshakaza. Hotuba, makofi, hotuba nyingine, Hilari akasoma risala ndefu kama mwaka, halafu ngoma zikalia nikatolewa uwanjani. Walikaa kwenye benchi la mbele: mgeni katikati, Hilari kulia kwake, na kushoto wazee wa kijiji, na wa kwanza katika hao ni Mzee Bakari na kanzu yake (Hilari ndiye aliyewapanga, alitaka mgeni aone wazee wa dini nao wanaunga mkono). Nikacheza. Mungu ananiona, nilicheza vizuri, kwa sababu mtu mwenye hofu miguu inakuwa myepesi.

Sijui nilikuwa nimemaliza mzunguko wa ngapi nyuki walipofika. Uwanja ule na mkorosho ule ni hatua chache, na mimi nimebeba kichwani mlango wao na akiba yao yote, vimelainika kwa jua, vinanukia mpaka mbinguni. Walikuja kuuchukua ulimbo wao. Kwanza mmoja kwenye tundu la jicho, halafu kundi. Wanaingia kwenye macho ya kinyago, wanaingia mdomoni, wanatembea kwenye kope zangu, wanajisokota kwenye nywele, na kila anayeingia ana kitu cha kunata miguuni anakibandika. Masikioni mwangu walikuwa wanaziba. Nakwambia wanaziba, nasikia ngoma zinakwenda mbali kidogo kidogo. Nikaanza kujitikisa. Watu wakashangilia. Nikajitupa chini nikabiringika, wanawake wakapiga vigelegele, hawajawahi kuona lipiko wa namna ile, na Dadi mjinga yule akaongeza kasi ya ngoma.

Mgeni akafurahi. Akainuka kuja kunitunza, na sisi kumtunza mchezaji ni kumbandika noti kwenye paji la uso. Nikamwona kwa jicho moja (la pili lilikuwa limeshafungwa) anakuja na noti yake, anacheka, nikarudi nyuma, watu wakadhani lipiko anaringa, akanifuata akaibandika noti kwa kiganja kizima juu ya ule ufa. Noti ikashika. Na kiganja kikashika. Akavuta mkono, kichwa changu kikaja na mkono. Akavuta tena kwa nguvu, nikamfuata kama mbuzi wa kafara, tukazunguka hivyo uwanjani mimi na mgeni rasmi huku njuga zinalia, na nyuki wakaona pale pana nywele nyingine, wakamhamia. Mkono ulipochomoka ulitoka na nyuzi ndefu, na mgeni anajipiga makofi kichwani mwenyewe, kila akijipiga mkono unabaki kwenye nywele. Hilari akapiga kelele kwamba lipiko amemshambulia mgeni. Mgambo wawili wakanirukia. Mmoja akakishika kinyago kwa masikio yake akakivuta kwa nguvu zote za ujana wake.

Lipiko hasemi. Nilikuwa nimeilinda ile sheria mpaka hapo. Lakini paji la uso lilipokuwa linaondoka niliita, si kwa kutaka, lilitoka lenyewe, kwa sauti yangu yote ile ya kwenye kichuguu:

"Lahaula!"

Ngoma zikanyamaza. Uwanja mzima ukanyamaza. Kiumbe kutoka kwa wafu ameita lahaula, na ameiita kwa sauti ambayo kila mtu pale inamwamsha alfajiri. Nasikia kulikuwa na bibi mmoja wa mstari wa wenyeji aliyeitikia kabisa, akamalizia maneno yaliyobaki.

Wakaniburuta mpaka nyuma ya ofisi. Wakajaribu maji, ulimbo ukacheka maji. Wakajaribu mchanga, nikawa nimepakwa na mchanga. Mmoja akapendekeza mafuta ya taa na kiberiti, sijui kiberiti cha nini, nikampiga teke. Ikaonekana ni mafuta ya nazi tu, na mafuta ya nazi yako jikoni kwa wanawake wanaopika pilau ya mgeni, na mkuu wa jiko ni Bi Mwanahawa, mama yake Asumini. Dadi akatumwa. Alipofika akasema anaomba mafuta ya kulainisha ngozi ya ngoma, na Bi Mwanahawa, bila kuinua macho kwenye sufuria, akamuuliza ni ngoma gani hiyo inayolia lahaula. Akalibeba dumu la mafuta mwenyewe akaja nalo. Dadi akasimama njiani, eti mwanamke haruhusiwi kufika kwa lipiko.

"Nipishe, Dadi mwanangu," akasema. "Kichwa hicho nimekilisha futari mwezi mzima, nakijua."

Alinilaza ubavu, akamimina mafuta kwenye matundu yote, akangoja, akamimina tena, akaanza kuingiza kidole polepole kuzunguka ukingo. Hakusema kitu. Mimi pia, niseme nini kwa mama mkwe akiwa na kidole kwenye sikio langu. Kinyago kikatoka na vipande vipande vya nywele zangu, na zilizobaki akazikata kwa mkasi, huku na huku kama shamba lililoliwa na nguruwe, na nyusi ya kushoto ilikwenda na kinyago moja kwa moja. Nilipofumbua jicho nikaona miguu kwenye mchanga na pindo la kanzu. Mzee Bakari. Aliniangalia kwa ule unyamavu wake mpaka mafuta yakaanza kunidondoka puani, halafu akasema, "Ukishaoga, njoo nyumbani." Akageuka akaenda zake.

Nilioga. Nilijisugua mpaka nikavuja damu. Kisha nikajitazama kwenye kioo cha Dadi na sikuona mtu wa kwenda nyumbani kwa mtu yeyote. Nilijua anachoniitia, ananiitia kunirudishia posa mbele ya wazee, na kama ni kurudishiwa, nikasema, nirudishiwe nikiwa na nyusi mbili. Nikapanga ningoje nywele ziote kidogo, nifanane na mtu, ndipo niende nikamwombe radhi kiume. Nikapanda lori la mihogo jioni ile ile nikaenda Chuno, Mtwara mjini, kwa mama yangu mdogo, na Dadi nikamwambia asimwambie mtu nilipo. Nilibeba magunia bandarini nimejifunga kitambaa kichwani kama mwanamke aliyejifungua, yuko kwenye arobaini. Nywele ziliota. Nyusi ilichelewa, nyusi ni mvivu kuliko kitu chochote kwenye mwili. Niliporudi kijijini, mavuno yameshapita na mvua zimeanza, Asumini alikuwa ameshaolewa na fundi cherehani wa Mikindani, mtu ambaye hata kuadhini hajui.

Kwa hiyo nilikuwa na hasira na Mzee Bakari miaka yote hiyo, na Hilari, na Dadi. Hilari alihamishwa, akapandishwa cheo. Mgeni hakurudi. Mzee Bakari alifariki, mazishini nilikwenda nikasimama nyuma.

Halafu siku moja Chikongola, kwenye meza za samaki, nasikia mtu ananiita Sele, jina ambalo hakuna aliyebaki wa kuniita. Asumini. Amenenepa, ana binti mkubwa wa kumbebea kikapu. Tukasalimiana, tukaulizana watoto, tukacheka kidogo kuhusu nyusi yangu ambayo mpaka leo ina pengo. Nami nikasema sasa nimezeeka, wacha niulize, nikamuuliza baba yake siku ile alitaka kuniambia nini.

Akawa anageuza samaki.

"Alichinja kuku," akasema.

Sikuelewa.

"Baba alichinja kuku, Sele. Alifika nyumbani akacheka mpaka akakaa chini, sijawahi kumwona hivyo. Akasema lipiko anayesema lahaula huyo ameshakuwa wetu, kilichobaki ni kumlisha. Akasema utakuja umefedheheka, na mtu aliyefedheheka hapokelewi kwa mboga ya majani. Tukakaa na kuku yule mpaka isha. Kesho yake akamtuma mtu kwa Dadi, Dadi akasema hajui ulipo."

"Nilimwambia Dadi asiseme."

"Basi hakusema," akasema Asumini, akalipa samaki wake, binti akachukua kikapu.

Na Dadi bado ninamlaumu, maana mtu mwenye akili anajua lini avunje neno la mwenzake, na Hilari ninamlaumu kwa ile barua aliyoikalia, nao wale nyuki siwalaumu, walitetea kilicho chao. Lakini nimejiapia jambo moja, sasa ni miaka mingi na sijalivunja: nikipatwa na fedheha, sijifichi kungoja ipone, nakwenda nayo kama ilivyo. Masika iliyopita nilikuwa nakwenda kwenye maulidi, nikateleza kwenye mtaro pale njiani, kanzu nyeupe yote ikawa tope la maji machafu, mpaka ndevuni. Mke wangu akasema turudi ukabadilishe. Nikamwambia tangulia, nakuja. Nikaingia vile vile, nanuka, watu wote wamekaa mkekani. Wakacheka sana. Mtu akanisogezea sinia, nikanawa, nikala.